Buldoza Iliyowashwa Tukiwa Mezani

Aliyesababisha Ambwene Mwaisemba aungue mikono kwenye kilima cha Lusitavi ni Bwana Mgovano, aliyekuwa Meneja wa Shamba la Miti la Lusitavi na mwenyekiti wa kamati iliyotumwa kuchagua buldoza iliyokwisha kutumika. Anayefuata ni Mhandisi Sanga, aliyejua na kunyamaza. Wa tatu ni Bodi ya Shamba, iliyopokea taarifa ya uongo na kuipitisha bila kumwita hata shahidi mmoja. Ambwene mwenyewe, aliyeandikwa kuwa ndiye mkosaji, hakukosa chochote. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu nimekuwa mtu wa ofisi maisha yangu yote, na najua jinsi jambo linavyoweza kuzungushwa kwa maneno mengi hadi mwenye kosa akapata nafasi ya kuondoka taratibu. Mimi nilikuwa afisa ugavi wa Shamba na katibu wa kamati hiyo. Nilikuwapo Chunya, nilikuwapo Ilomba, na siku ya moto nilikuwa nimekaa kando ya redio ya upepo, ile ya kuzungumzia na walio msituni.

Ambwene tumemzika mwaka huu. Habari zilinifikia kwenye kundi la simu la wastaafu, katikati ya salamu za asubuhi na picha za wajukuu, nikapanda basi kutoka Mafinga nikafika Mbeya jioni. Msiba ulikuwa Ilomba, kwa shemeji zake, ndani ya uzio wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa lipu. Chini ya turubai kulikuwa na baridi ile ya Mbeya inayoingia kwenye magoti, na kwaya iliimba huku wanakwaya wakiwa wamevaa masweta juu ya sare. Ndipo alipoinuka kijana mmoja wa Shamba, mwenye tai, akasoma salamu za rambirambi kwa niaba ya Bodi, ambayo Bwana Mgovano sasa ni mjumbe wake. Alisoma vizuri. Alisoma kwamba Shamba litamkumbuka marehemu kwa uchapakazi wake, «licha ya ajali iliyotokana na yeye kuzima mtambo akiwa kazini». Niliinua mkono ili niseme neno. Mshereheshaji akanionyesha saa yake, akasema, «Baba, mvua inakuja, tutakusikia makaburini.» Makaburini hawakunisikia. Tuliporudi nilipita nyuma ya nyumba kunawa, nikawakuta akina mama wawili wakimenya ndizi juu ya beseni. Mmoja alimuuliza mwenzake, «Kumbe ndiye aliyezima buldoza, moto ukala msitu wote?» Mwenzake akajibu, «Ndiye. Si umesikia wamesoma?» Mama Subira, mjane wa Ambwene, alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Aliweka ile sahani chini akarudi ndani. Sura hii naiandika kwa ajili ya dakika ile.

Husemwa kwamba mtu huumbwa ujanani. Mimi nilikuwa nimeanza kuota mvi mwaka ule wa kununua buldoza ulipokuja, na nilidhani nimekwisha kuumbwa. Kiangazi kilichotangulia, moto ulikuwa umetoka kwenye mashamba ya wanakijiji ukaingia kwenye misonobari yetu, na tuliuzima kwa matawi, majembe na madumu ya maji yaliyobebwa kichwani. Bodi ikakubali kwamba Shamba lipate buldoza ya kulima njia za moto, yaani ile mikanda mipana ya udongo mtupu ambayo moto ukiifikia hukosa cha kula. Mpya haikuwezekana. Kwa hiyo tulikaa katika ofisi ya Meneja, chumba chenye dari ya mbao za Shamba na harufu ya utomvu isiyokwisha, tukinywa chai kwa viazi vya kuchemsha, tukapanga namna ya kutambua mashine nzima kati ya mashine zilizochoka. Mhandisi Sanga ndiye aliyetufundisha, na namtendea haki kwa kusema kwamba alifundisha vizuri. Alisema rangi mpya ni ya kutiliwa shaka kuliko kutu. Alisema tutazame minyororo na magurudumu yake ya chini, kwa sababu hapo ndipo mashine huchakaa kwanza na hapo ndipo wauzaji hawataki ukae ukachungulia. Alisema mashine ya msituni lazima iwe na kizimba cha chuma juu ya dereva, na bamba zito chini ya tumbo, la sivyo gogo moja litaikomesha. Kisha akagonga meza kwa kijiko. «Na zaidi ya yote, tuisikie ikiwaka ikiwa ya baridi. Tukifika, kabla ya kumsalimia mwenye mali, nitaweka kiganja kwenye injini. Nikikuta ina joto, tunageuza gari.» Meneja alicheka akasema, «Sanga, utatuaibisha. Utasalimia chuma kabla ya mtu?» Sanga akajibu, «Moto hautangoja tuipashe, bosi.» Maneno hayo yalisemwa, na sote tuliokuwapo tuliyakubali.

Tulianzia Chunya. Vumbi la njia ile lilitugeuza sote kuwa watu wa rangi moja, na Ambwene, ambaye alikuja nasi kama mwendeshaji mtarajiwa, alijitazama kwenye kioo cha gari akasema sasa anafanana na Meneja, huenda naye atapandishwa cheo. Mwenye buldoza alikuwa mwanamke mkandarasi wa machimbo, Mama Zawadi, mfupi, mwenye kofia ya jua na sauti ya kuitia watu walio mbali. Mashine yake ilikuwa mbaya kwa macho. Rangi ilikuwa imeliwa na jua, mlango mmoja haukuwapo, na kiti kilikuwa kimevishwa gunia. Meneja alianza salamu zile ndefu, akauliza hali ya nyumbani, hali ya kazi, hali ya mvua. Mama Zawadi alijibu zote upesi, kisha akasema, «Chai ipo, baba zangu, lakini mtakunywa mkimaliza kuikagua. Mkishakunywa chai yangu mtanionea haya.» Meneja alimtazama kana kwamba ametukanwa. Sanga aliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ambwene akapanda, akaiwasha, nayo ikakohoa mara moja ikashika. Ilikuwa na kizimba, ilikuwa na bamba la tumboni, na minyororo yake ilikuwa imebadilishwa karibuni. Sanga alitambaa chini yake akatoka na udongo mgongoni na tabasamu. Tulikunywa chai yetu tumesimama, kwa karanga. Lakini tulipokuwa ndani ya gari Meneja alisema, «Ndiyo ile ya kumsimamishia mgeni rasmi siku ya sherehe? Akate utepe kwenye gunia?» Nilimjibu kwamba utepe hauzimi moto. «Afisa ugavi,» akasema, «wewe huna shida, wewe hupigwi picha.»

Kesho yake tulikuwa Ilomba, kwa Mzee Kajela, mfanyabiashara wa magari na mitambo aliyeanza na duka la vipuri Mwanjelwa. Buldoza yake tuliiona uani kwa mbali tu, tukiwa tunaingia getini: ya manjano, inang'aa, hata bledi, kile kisu kikubwa cha mbele, ilikuwa imepakwa rangi. Sanga alifungua mlango wa gari kabla halijasimama sawasawa. Mzee Kajela alimwahi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia, akamwongoza ngazini huku akisema, «Mhandisi, mwanangu, chuma hakikimbii. Ingieni kwanza, mle chakula.» Hapa lazima nieleze kwa wasiotoka kwetu. Katika nyanda hizi, mgeni haendi uani kukagua mali ya mwenyeji kabla hajaketi, na akishaketi haondoki kabla hajala, na chakula hakiliwi kabla hakijaombewa. Ni desturi njema, nami nimelelewa nayo. Sijaona nyumba iliyoijua desturi hiyo na kuitumia kama silaha kuliko nyumba ile. Sebule ilikuwa na makochi mazito yenye vitambaa vya kufumwa, saa ya ukutani yenye umbo la kanisa, na televisheni iliyofunikwa kama bibi harusi. Waliweka wali, kuku wa kienyeji, ndizi za Rungwe zilizopikwa kwa maziwa, maharage, maparachichi yaliyokatwa, na bado sahani zikawa zinakuja. Mzee Kajela alisali mwenyewe. Aliombea barabara, aliombea Shamba, aliombea mikono iliyopika, na katikati ya sala, huko nje, nikaisikia stata ya mashine ikizunguka, ikizunguka, bila injini kushika. Nilifumbua macho. Sanga naye alikuwa amefumbua. Tulitazamana juu ya kuku. Kisha binti mmoja akawasha redio ya nyimbo za dini, akaongeza sauti.

Niliomba maji ya kunawa tena ili nitoke. Katika ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni, mama wa nyumba alikuwa akizungumza na fundi aliyesimama mlango wa nyuma, ovaroli yake imeloa mafuta. «Imewaka?» «Bado, mama. Tumeleta betri ya lori, na ile dawa ya kupulizia inaisha.» «Basi pulizieni iliyobaki. Na wewe Eliza, peleka mboga nyingine. Wageni wasiinuke.» Aliponiona hakushtuka, alitabasamu akasema, «Baba, maji yako hapo, karibu sana,» kana kwamba nimesikia wakizungumza habari za kanisa. Nilirudi mezani nikamwinamia Meneja, nikamweleza neno kwa neno. Alikuwa anachambua paja la kuku, na aliendelea. «Kula, Afisa.» Nikasema, «Bosi, wanaipasha ile mashine sasa hivi, haiwaki.» Akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, «Unataka niinuke katikati ya chakula cha mzee wa watu, niende nikashike injini? Tutaonekana hatukulelewa. Kula.» Mzee Kajela aliuliza kama kuna tatizo. Meneja akacheka. «Hakuna, mzee. Afisa wetu ni mtu wa Iringa, anaogopa ndizi.» Watu wakacheka. Tulipotoka hatimaye, buldoza ilikuwa inanguruma uani, imewaka, imetulia, ina joto, na Sanga alisimama mbele yake mikono ikiwa mfukoni. Kiganja hakukiweka popote. Hakuinama chini. Kizimba hakikuwapo, bamba la tumboni halikuwapo. Nilimvuta kando nikamkumbusha maneno yake mwenyewe ya ofisini. Alijibu, «Kaka, nina watoto shuleni,» akaenda kumpongeza Mzee Kajela. Ambwene alizunguka mashine akarudi akaniuliza, «Mbona sijaiona ikizimwa ikawashwa?» Aliuliza kwa sauti, mbele ya wote. Meneja akasema, «Wewe utaendesha. Kuchagua ni kazi ya kamati.»

Iliyonunuliwa ni ile ya Mzee Kajela, na sherehe ya kukabidhi ilifanyika Lusitavi, kwa tarumbeta na ngoma. Mchungaji na padri waliibariki kwa zamu. Mgeni rasmi alikata utepe, akapanda, akapiga picha akiwa ameshika usukani wa hewa, maana buldoza haina usukani. Watu walishangilia mngurumo wake bila kujua kwamba iliwashwa alfajiri na haijazimwa tangu hapo, ili isituaibishe. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kazi yetu ya kila siku. Majira ya baridi kule kwetu shambani, Mufindi, umande ukiganda kwenye majani, ile mashine haikuwaka bila betri ya lori na watu wa kuisihi. Kwa hiyo Ambwene alipofanikiwa kuiwasha asubuhi hakuizima hadi jioni. Aliteremka kula, yenyewe ikinguruma nyuma yake. Katika banda la chakula, chini ya mabati yaliyopakwa moshi, wakila ugali na maharage, wenzake walimtania. «Ambwene, mke mdogo hajambo?» «Hajambo, ila halali.» «Mwambie basi anyamaze tule.» «Ukimnyamazisha utambembeleza wewe. Huyu akilala, mimi siwezi kumwamsha.» Nilikaa meza ya pili, nikacheka nao. Nayaweka mazungumzo haya hapa kwa makusudi. Katika Shamba zima hapakuwa na mtu aliyeogopa kuizima mashine ile kuliko mtu aliyekuja kuandikwa kuwa aliizima.

Meneja ndiye aliyeamuru izimwe. Alifika siku moja mchana, akaikuta inanguruma peke yake, akasema dizeli si maji ya mto. Nilimweleza sababu. Sanga alikuwapo, alitazama viatu vyake. Tangu siku hiyo ilizimwa kila mchana kwa amri, na moto ulipotokea, mwishoni mwa kiangazi, upepo ukiwa unatoka upande wa mashamba ya mahindi, ilikuwa imezimwa. Wanakijiji waligonga kengele ya kanisa. Vijana wakakimbia na matawi. Lori likaletwa, betri ikafungwa, stata ikazunguka kama ilivyozunguka wakati wa sala ile ya Ilomba, na ilipowaka moto ulikuwa umekwisha kuvuka njia ya chini. Ambwene akatumwa kilimani kulima njia ya juu, akiwa amechelewa kwa kosa lisilo lake, juu ya mashine isiyo na kizimba. Sisi watatu, Meneja, Sanga na mimi, tulikuwa katika chumba cha redio, dirisha likiwa limegeuka rangi ya chungwa. Nayaandika tuliyosikia kama tulivyoyasikia. Ambwene alisema, «Bosi, imezimika yenyewe.» Meneja akasema, «Iwashe.» «Haiwaki, bosi. Moto uko chini yangu.» «Iwashe, nimesema.» «Haiwaki. Naomba nishuke.» Na Meneja akasema, «Ukiiacha mashine ya Shamba iungue, usirudi kazini.» Nilimnyang'anya kile kipaza sauti nikapiga kelele, «Shuka, Ambwene! Shuka!» Sijui kama alinisikia. Wenzake walimkuta kwenye korongo, mikono yote miwili imeungua hadi viwikoni, kwa sababu alikuwa amebaki akiisihi ile mashine hadi vyuma vikashika moto.

Uchunguzi ulikuwa na kamati yake, na Sanga alikuwa ndani yake. Walikaa katika chumba kilekile chenye harufu ya utomvu, wakaletewa chai na viazi vilevile. Waliandika kwamba mwendeshaji alizima mtambo kwa uzembe. Niliitwa nitie saini nikiwa afisa ugavi, nikakataa, nikawaambia neno kwa neno yaliyosemwa redioni. Mjumbe mmoja akanijibu kwa upole, «Mzee wangu, sauti ya redio imepita hewani. Haina ushahidi.» Nilimgeukia Sanga nikamuuliza kama yeye hakusikia. Alisema kulikuwa na kelele nyingi. Baada ya muda mfupi nilihamishwa, nikapelekwa kwenye ghala letu la nguzo, Chunya, nikamalizie utumishi wangu huko. Bodi haikuniita. Haikumwita Ambwene pia, aliyekuwa hospitali, mikono imefungwa, hajui bado kwamba ameandikwa.

Na Chunya nilimkuta Mama Zawadi. Kila asubuhi, nikifungua ghala, niliisikia ile mashine yake yenye kiti cha gunia ikikohoa mara moja na kushika, upande wa pili wa barabara. Siku moja alisimama mlangoni kwangu. Habari za moto alikuwa anazijua. «Afisa,» akasema, «kule Ilomba mlikula nini?» Nikamwambia, kuku. Akafikiri kidogo. «Alikuwa mtamu?» Akageuka, akavuka barabara kurudi kwenye mashine yake. Nimekaa katika vikao vingi na kusikia hotuba nyingi juu ya uadilifu katika manunuzi, lakini somo nililolishika ni hilo, nililopewa kwenye vumbi la mlango wa ghala.

Ambwene aliishi miaka iliyobaki Ilomba, mitaa michache kutoka nyumba ile tulimopewa kuku. Vidole havikufunguka tena. Mama Subira alimfunga vifungo vya shati na kumlisha, na wageni walipofika alimlisha kabla yao ili asile mbele ya macho yao. Nilimtembelea nilipoweza. Alikuwa bado na utani. «Afisa, karibu, samahani sikupi mkono, nimeuazimisha.» Lakini kila mara, nikiaga, alisema neno moja lisilokuwa na utani: «Wewe ulisikia.» Nami nilijibu, «Nilisikia.» Hayo ndiyo yaliyokuwa maagano yetu. Alitaka aandikwe alivyosema: kwamba ilizimika yenyewe. Amekufa hajaandikwa hivyo, na juu ya jeneza lake uongo ule umesomwa kwa sauti nzuri na kijana mwenye tai.

Kwa hiyo naitaka Bodi ya Shamba la Miti la Lusitavi ifute rasmi matokeo ya uchunguzi yaliyomtia hatiani Ambwene Mwaisemba. Namtaka Bwana Mgovano ajibu, kwa jina lake na kwa cheo alichokuwa nacho, kwa nini alichagua mashine ambayo hakutaka kuisikia ikiwaka, kwa nini aliamuru izimwe, na kwa nini alimzuia mtu kuushuka mlima unaowaka. Namtaka Mhandisi Sanga aseme alichosikia redioni. Yu hai na masikio yake yangali mazima. Nataka majibu hayo yapelekwe Ilomba na wahusika wenyewe, wala si kijana wa kutumwa, yasomwe mbele ya Mama Subira, mbele ya wale akina mama waliokuwa wakimenya ndizi, na mbele ya kila jirani aliyesikia yale ya msibani. Na kwa kuwa naijua desturi yetu, nataka na hili liandikwe: yasomwe wakiwa wamesimama uani, kabla hawajakaribishwa kuketi, na kabla mtu yeyote hajawapa chai.